Mbao za Sakafu

Mtu akitaka mashua ndogo ya tanga, ya kutembelea ziwani mchana na kupiga hema ufukoni jioni, huniuliza mbao, tanga na bei. Mimi humsimulia Lady Alice, mashua iliyoelea Karagwe kabla hata ya barabara.

Iliundwa Teddington, Uingereza, kwa mbao za mwerezi, urefu futi 40, ikagawanywa vipande ili ibebeke. Mpelelezi Henry Morton Stanley aliipa jina la mchumba wake, Alice Pike. (Mashua ilipofika Karagwe, Alice alikuwa ameshaolewa na mwingine, lakini hilo ni funzo la siku nyingine.) Novemba 1874 wapagazi waliibeba kutoka Bagamoyo, na Machi 1875 ikashushwa Ziwa Victoria, wapiga makasia wakiwa Waungwana wa Zanzibar na pwani.

Majini ilikuwa hodari. Balaa lake lilikuwa ufukoni. Tarehe 28 Aprili 1875, njaa ikiwauma, walielekea Bumbire, kisiwa ambacho leo kiko Muleba, kutafuta chakula. Mitumbwi ambayo Kabaka Mutesa wa Buganda aliahidi iwasindikize ilikuwa imebaki nyuma, nao hawakuingoja. Watu wa kisiwa waliikamata mashua, wakaikokota hadi nchi kavu na watu wake humo humo, kisha wakachukua makasia. Safeni, nahodha, akatumwa na vitambaa kwenda kusihi. Ilipobidi kukimbia, mabaharia waliisukuma majini kwa nguvu zote, wakarukia ndani, wakatazamana: hakuna hata kasia moja. Wakang'oa mbao za sakafu, zile zile walizokuwa wakizikanyaga, wakapigia maji kwa hizo huku Stanley akifyatua bunduki. Watu walikufa. Agosti akarudi na kikosi, akaua wengi zaidi waliokuwa wamejipanga ufukoni. Haya yote tunayo kwa kalamu yake mwenyewe. Watu wa Bumbire hakuna aliyewauliza. Na hata kwa kalamu hiyo hiyo, sioni pa kumtetea.

Mwaka uliofuata, mwenye mashua yule yule alifika Karagwe. Huku alikwenda kwanza kwa Mfalme Rumanyika, akasalimu, akakaa, akaomba ruhusa. Machi 1876 vipande vikaunganishwa, mashua ikatiwa kwenye ziwa dogo ambalo Speke, aliyetangulia mwaka 1861, aliliita Windermere, kana kwamba lilikuwa likingoja kupewa jina. Rumanyika akaja na watu wake kutazama mashindano: mwerezi wa Teddington na mitumbwi ya Wanyambo. Stanley aliandika kwamba mwendo haukutofautiana sana. Hapo mnunuzi wa mashua na asome mara mbili.

Kisha wakaingia Mto Kagera, watu wa Rumanyika wakiongoza. Aliyeuona mto huo kutokea Kyerwa anajua kwa nini. Mafunjo yamesimama marefu kuliko mtu, pande zote mbili, na tanga likilegea ni kasia tu. Vijia vya maji vinafanana. Kiboko humjui alipo mpaka ateme maji puani karibu nawe. Na pale unapodhani ni ukingo mzuri wa kupiga hema, ukitia mguu unazama mpaka gotini, kwa sababu ni mafunjo yaliyolala juu ya maji. Pakavu pako wapi, mwenyeji ndiye ajuaye. Siku hizi sehemu ya kingo hizo ni Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, iliyotangazwa 2019, kwa hiyo hodi inaanzia kwa askari wa hifadhi. Ng'ambo ni Rwanda, na mpaka unapita majini, hauonekani kwa macho.

Stanley naye alijaribu kushuka upande huo wa Rwanda. Wenyeji wakamkatalia, wakamrudisha kwenye mashua yake. Safari hii hakurudi na kikosi. Aligeuza omo, wakashuka na mto kuelekea kwa Rumanyika, na makasia yote yalikuwemo.