Vikapu Kumi na Viwili na Injini ya Starlet



Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta, na siku hiyo mazungumzo huwa ni hayo tu. Bei ikipanda, mama wa genge anajua nyanya zitamfikia kwa bei nyingine, na mwenye gari dogo anaanza kuliacha nyumbani, analitoa Jumapili na siku za msiba. Bei hizo tumeziombea na tutaendelea kuziombea. Wiki hii, hata hivyo, nawaomba tuifikirie petroli ambayo tumekwisha kuinunua, imo ndani ya tangi, kisha inatokea kwenye ekzosi bila kutusogeza popote.

Somo ni Yohana sura ya 6: watu elfu tano, mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Mara nyingi mahubiri huishia pale watu waliposhiba. Mimi hushikwa na kinachofuata. Bwana anawatuma wanafunzi wazunguke katikati ya watu wakiokota mabaki, asitake kitu chochote kiachwe kiharibike. Aliyelisha umati ule hakuwa na upungufu. Kesho yake angeweza kulisha tena. Mkate wa shayiri nao ulikuwa chakula cha watu wa hali ya chini, si kitu cha kuhangaikia. Na bado vikajazwa vikapu kumi na viwili. Kwa hiyo wingi haukuwa ruhusa ya kutupa. Je, sisi tusio na wingi?

Natumia mfano wa Toyota Starlet ya zamani kwa sababu ni gari la walimu na wauguzi wengi, na la wazee wengi wa kanisa. Toyota waliacha kuitengeneza mwaka 1999, Vitz ikachukua nafasi yake, kwa hiyo hata ile changa kabisa imepita miaka 25. Injini yake ya 4E-FE ina sentimita za ujazo 1,331 tu, na gari zima halifiki tani moja. Ikiwa na afya, kilomita 14 kwa lita si ajabu. Ikishuka hadi kilomita 10, safari ya kilomita 100 iliyokuwa ikila lita 7 na kidogo sasa inakula lita 10. Gari linawaka kama kawaida na linafika, hakuna anayelisukuma. Ndiyo maana hasara hii hukaa miaka bila kushughulikiwa: haimwangushi mtu njiani.

Mwenye gari wa namna hiyo akisikia habari za kupunguza ulaji wa mafuta, mara nyingi anauziwa kitu cha kuongeza: sumaku ya kufunga kwenye bomba la petroli, au kidude cha kuchomeka. Wakala wa Mazingira wa Marekani umepima zaidi ya vifaa 100 vya aina hii kwa miaka mingi, na ni vichache mno vilivyoleta nafuu yoyote. Nasema wazi, msitoe fedha zenu huko. Injini ya zamani kwa kawaida haihitaji kuongezewa. Inahitaji kurudishiwa ilichonyang'anywa.

Na kinachonyang'anywa zaidi ya vyote huku kwetu ni themostati.

Iombe uishike mkononi siku moja. Ni kidude kidogo cha shaba na chuma chenye springi, kinaenea kiganjani. Katikati yake kuna nta. Maji ya injini yakiwa baridi, nta imeganda na mlango umefungwa, kwa hiyo maji yanazunguka ndani ya injini tu na kupata moto haraka. Yakifika karibu nyuzi 82, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma mlango, maji yanaanza kwenda kwenye rejeta kupoa. Haina waya wala kompyuta. Ukiitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni, uifunge kwa uzi isiguse chini, utaiona kwa macho yako ikifunguka maji yanapokaribia kuchemka, na ikijifunga tena yanapopoa. Isiyofunguka au isiyojifunga ndiyo mbovu.

Sasa gari linachemsha. Rejeta imeziba kwa sababu kwa miaka mingi lilitiwa maji ya bomba badala ya kulanti, au mfuniko wa rejeta umechoka. Mwenye gari hana fedha ya rejeta. Fundi anatoa themostati, maji yanapita muda wote, gari halichemshi tena, watu wanashukuru. Lakini tangu siku hiyo injini haipati joto lake. Ni kama kuchemsha chai huku mtu anamimina maji baridi kwenye sufuria bila kukoma. Mshale wa joto unalala chini hata baada ya mwendo mrefu, na kompyuta ya gari, ikisoma maji ni baridi, inaamini gari ndiyo kwanza limewashwa asubuhi. Inaongeza petroli, kama inavyopaswa kuongezea injini baridi. Inafanya hivyo kutwa nzima. Huku kwetu Njombe, kwa baridi ya Juni na Julai, gari la namna hii linaweza kwenda hadi Makambako na kurudi bila injini kupata moto wake hata mara moja. Petroli isiyoungua vizuri huteremka ikachanganyika na oili, oili inakuwa nyepesi, na injini inalika.

Kuna madhara mengine ya ndani zaidi. Kwenye ekzosi ipo sensa ya oksijeni, inayonusa moshi na kuiambia kompyuta kama petroli imezidi au imepungua. Injini ya petroli inataka hewa gramu 14.7 kwa kila gramu moja ya petroli, na kuutunza uwiano huo ndiyo kazi ya sensa. Ikizeeka, kompyuta hubaki inakisia, na kwa usalama wa injini hukisia kwa kuzidisha mafuta. Serikali ya Marekani, katika maelekezo yake kwa madereva, inasema kutengeneza hitilafu kubwa kama sensa ya oksijeni iliyokufa kunaweza kuongeza umbali gari linaokwenda kwa lita moja kwa hadi asilimia 40, wakati sevisi ya kawaida ya gari lililochoka huleta wastani wa asilimia 4. Lakini unaweza kununua sensa mpya kabisa na usione tofauti, kwa sababu maji yakiwa baridi kompyuta nyingi hazisikilizi sensa hata kama ni nzima. Themostati kwanza, sensa baadaye.

Plagi zenyewe husema kweli zikifunguliwa. Ncha ikiwa na masizi meusi makavu, mafuta yamezidi. Ikiwa imelowa oili, tatizo liko kwenye ringi au sili za valvu. Ikiwa rangi ya kahawia hafifu, mshukuru Mungu. Za kawaida zibadilishwe kila kilomita 20,000 hadi 30,000, na mkinunua chunguzeni sana, maana plagi za bandia ni nyingi madukani. Ea klina chafu nayo ibadilishwe, ila kwa gari lenye sindano za mafuta faida yake iko zaidi kwenye nguvu ya kupanda mlima kuliko kwenye ulaji. Anayewaahidi makubwa kwa ea klina peke yake anawadanganya.

Sisemi haya kumlaumu mtu. Aliyetolewa themostati hakuwa mzembe, alikuwa hana fedha ya rejeta siku ile. Hapo ndipo moyo wangu unapouma, kwa sababu umaskini unamlipisha mtu huyo kila siku, kidogo kidogo, mpaka amelipa rejeta tatu na bado hana hata moja. Ada ya mtoto inatokea kwenye ekzosi. Na kila lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu kilo 2.3 za hewa ya ukaa, hewa ambayo haikumfaa hata aliyeilipia, achilia mbali mkulima anayesubiri mvua.

VICOBA vyetu, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, hukopesha kwa ajili ya ada, mbolea na matibabu, na ni sawa kabisa. Nawaomba viongozi wa vikundi msione haya kumkopesha mtu rejeta na themostati. Ukimwomba ajaze tangi, aandike kilomita kwa mwezi mmoja kabla na mwezi mmoja baada, mkopo huo utauona ukijirudisha kwenye daftari. Kukusanya vipande, kwa watu waliokuwa wameketi kwenye nyasi siku ile, ilikuwa kazi ya mikono ya wanafunzi wote kumi na wawili, si ya mwenye njaa peke yake.

Wiki hii, kabla ya kununua chochote, endesha gari lako nusu saa na uangalie mshale wa joto. Kama umelala chini, muulize fundi swali moja: themostati ipo?

Na ninyi vijana wetu wa gereji, mnaofanya kazi kwenye vumbi tangu asubuhi, mnajua hili kuliko mimi. Mkifungua injini mkakuta haipo, mwambieni mwenye gari hata kama hajauliza. Na siku mtakapolazimika kuitoa kwa dharura, mama yuko njiani na watoto na jua linazama, itoeni, lakini mpeni mkononi aende nayo, na mkubaliane siku ya kuleta gari mzibue rejeta na kuirudisha mahali pake.