Sumu Katika Mzoga



Juzi baada ya ibada vijana walibishana: je, tumbusi wazalishwe vizimbani na kurudishwa porini, kama wafanyavyo India? Kule, tangu miaka ya 1990, tumbusi walikufa karibu wote kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki. Mizoga ikabaki, mbwa koko wakaongezeka. Lakini India iliikataza kwanza dawa hiyo kwa mifugo, mwaka 2006.

Kwetu, pande za Ruaha, mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba huweza kutia sumu katika mzoga. Amemkusudia simba, wanaokufa kwa makumi ni tumbusi, ndege atagaye yai moja tu. Nakubali warudishwe. Lakini watashukia mzoga gani? Walawi 11 humkataza Mwisraeli kuwala ndege hawa. Haimpi ruhusa ya kuwaangamiza.

Nasi wa Temeke tusimhukumu mfugaji upesi. Mimi niliwahi kumtegea mbwa mla kuku nyama yenye sumu. Asubuhi nikamkuta paka wa jirani amelala uani, amekufa. Mama yule alimtafuta siku tatu. Sijamwambia hata leo.