Msalaba na Shamba la Mjane

Bwana mmoja aliuza shamba la mjane wa kaka yake, fedha akazila, kisha akaokoka. Alipotoa ushuhuda kanisani alipigiwa makofi na vigelegele. Mjane alipokwenda kwa wazee wa kanisa kuulizia shamba lake, akajibiwa, "Mama, Yesu ameshalipa yote. Mbona wewe bado unadai?" Jibu hilo limenikaa kooni.

Masihi ni nani, sina ugomvi: Mungu kweli na mtu kweli, kama walivyokiri maaskofu Nikea mwaka 325 na Kalkedonia mwaka 451. Kwamba alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, nakiri pia. Wapo wanaouliza kwa nini Mungu asisamehe tu bila damu kumwagika. Ni swali la haki. Kant naye alisema hatia haihamishiki kama deni la fedha, na sijaona aliyemjibu vya kutosha.

Kinachoniudhi ni hoja ya wale wazee: eti mdhulumiwa akidai chake, anaupunguzia msalaba thamani. Tazama hoja hiyo inamfaidi nani. Mwenye mkopo wa benki haambiwi asirejeshe. Muumini haambiwi aache kutoa zaka kwa kuwa yote yamelipwa. Anaambiwa mjane tu. Na Maandiko hayaijui hoja hiyo. Katika Mambo ya Walawi sura ya 6, aliyedhulumu hurudisha alichochukua, huongeza sehemu ya tano, humkabidhi mwenyewe. Ndipo kondoo dume wa sadaka ya hatia anapelekwa kwa kuhani. Kondoo hakufidia mali ya mtu. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, je? Alitamka mwenyewe kwamba atarudisha mara nne, na ndipo Yesu akasema wokovu umefika katika nyumba ile. Hakuna aliyewaambia walioporwa Yeriko wakae kimya.

Lugha hii ya deni wengi humtwisha Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyekamilisha kitabu chake Cur Deus Homo mwaka 1098. Mimi humpenda mzee huyu kwa jambo ambalo wahubiri hawalitaji. Alikuwa uhamishoni Italia, amekosana na mfalme William wa Pili wa Uingereza. Kiti cha Canterbury kilipokuwa wazi, kuanzia 1089 hadi 1093, mfalme alikula mapato yake. Anselm alipotakiwa kukikalia, alidai kwanza ardhi za kanisa zirudishwe. Huyo ndiye aliyefundisha kwamba hakuna awezaye kulipa deni letu isipokuwa Kristo, na ardhi bado aliidai. Nani alimwambia anaudharau msalaba?

Hata hivyo kuna jambo linanisumbua kuliko wazee wale. Katika Zaburi ya 51, inayohusishwa na Daudi baada ya kumchukua Bathsheba, mwenye kutubu anasema amemkosea Mungu peke yake. Na Uria, mumewe Bathsheba, aliyeuawa? Labda Masihi, kwa kuwa ni mtu kweli na aliuawa bila hatia, husamehe akiwa mmoja wa walioonewa, si hakimu tu. Wazo hilo linanivuta. Ila mimi kuonewa hakunipi idhini ya kusamehe aliyemwonea jirani yangu. Na kama Masihi anayo idhini hiyo kwa sababu ni Mungu, basi Uria bado hajaulizwa. Sina jibu. Mchungaji aliye nalo namwomba alitoe hadharani, na wajane wawepo.