Ubovu si Uovu

Baina ya mbivu na mbovu pana irabu moja tu, na baina ya mbovu na mwovu pana sauti chache ambazo sikio la haraka huzipita bila kuzihesabu. Lugha yetu imeyaweka maneno haya karibu karibu, nasi kwa ukaribu huo tumezoea kuyahukumu pamoja: kilichooza ni kibaya, na kibaya hulaumiwa. Methali ya samaki mmoja aozaye na kuwaozesha wenziwe imetumika vizazi na vizazi kuwaonya vijana juu ya marafiki waovu. Je, hukumu hiyo ni ya haki? Shahidi nitakayemwita ni yule anayedhaniwa kuwa mwozeshaji mkuu, yaani kuvu.

Kuvu si mmea wala si mnyama. Haijitengenezei chakula kwa nuru ya jua kama mwembe, wala haimezi kama mbuzi. Hukiyeyusha kitu kilipo, kisha hufyonza kilichoyeyuka. Ndiyo maana mwaka 1969 mwanasayansi Mmarekani, Robert Whittaker, aliitengea himaya yake yenyewe miongoni mwa viumbe hai. Na jamaa zake ni wengi, tena tunaishi nao nyumba moja. Hamira inayoumua mkate wa kumimina huko visiwani ni kuvu. Mapunye katika kichwa cha mtoto ni kuvu. Ukungu unaotia madoa majalada ya diwani zetu wakati wa masika ni kuvu, na ukungu ulioingia katika sahani ya Alexander Fleming jijini London mwaka 1928, ukaua vijidudu alivyokuwa akivichunguza, ndio uliotupatia penisilini.

Hapa Kiseke, pembezoni mwa jiji la Mwanza, mvua zinapoanza uyoga huchomoza penye vichuguu. Aulaye aghalabu hajui kwamba anakula tunda la bustani ya mchwa. Mchwa hukusanya vijiti na majani makavu, huvitafuna, kisha huotesha kuvu juu yake. Kuvu huulainisha mti ambao mchwa peke yao wasingeumudu, nao hupata chakula. Hivyo basi, ubovu wa kijiti ni riziki ya mchwa, na ziada yake ni mchuzi wetu. Lau majani yaangukayo yasingeoza, udongo ungekosa cha kuupa muhogo. Kuoza ni deni ambalo kila kilicho hai hukilipa kitakachokuja baada yake.

Lakini shahidi wetu ana upande wa pili, nao haufai kufichwa. Iko kuvu ya rangi ya kijani na manjano iotayo katika mahindi na karanga, hasa vikihifadhiwa kabla ya kukauka, nayo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Dunia ilizinduka mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga. Haionekani kwa jicho, moto wa jikoni hauimalizi, na ini ndilo huumia. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ikatufikia wenyewe: katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua 68, wakafariki 20.

Je, kuvu hiyo ni ovu? Sioni namna ya kusema hivyo. Ilifanya ndani ya gunia kazi ileile ambayo nduguye huifanya ndani ya kichuguu. Uovu unahitaji kujua na kuchagua, na kuvu haijui wala haichagui. Anayejua ni mwenye gunia.

Hapo ndipo swali linapokuwa gumu. Mahindi yenye ukungu ni nadra kutupwa, huteremshwa ngazi. Huuzwa kwa mpika pombe, au kwa msaga chakula cha kuku, au kwa mnunuzi wa mbali asiyejulikana jina. Kila anayeyateremsha hujiambia kwamba hayatamfika mtu. Lakini ng'ombe aliyelishwa mahindi hayo huipitisha sumu katika maziwa, na maziwa hupewa mtoto. Ubovu tulioushusha kwa mlango wa nyuma hurejea kwa mlango wa mbele.

Ataniuliza msomaji: maskini aliyelima ekari moja, mvua ikamkuta hajaanua, atupe nini na ale nini? Swali hili si la kupuuzwa. Simpandishi kizimbani pamoja na tajiri mwenye ghala kavu na maturubai. Anayemdai mkulima nafaka safi naye anadaiwa kumsaidia kuikausha. Hata hivyo, umaskini unaweza kumpunguzia muuzaji lawama. Haumpunguzii mlaji sumu. Na mlaji huyo, mara nyingi, ni maskini mwenziwe.

Wasomaji wa pwani wanakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikagusa unyevu. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Mtume hakuilaumu mvua, wala hakuilaumu nafaka. Aliuliza kwa nini iliyolowa haikuwekwa juu watu wakaiona, kisha akamtenga na umma wake kila adanganyaye. Nakiona kisa hicho kila msimu wa mvua katika mialo ya Mwanza, ambako dagaa huanikwa mchangani na juu ya mawe. Mvua ikiwakuta, hakuna wa kulaumiwa. Lakini yuko mchuuzi asemaye, "Hawa walinyeshewa," akapunguza bei, na yuko afungaye gunia kwa dagaa weupe juu na waliovunda chini. Ubovu wa dagaa hao ni mmoja. Watu wao ni wawili.

Basi ubovu tuuache kwa kuvu, iufanyie kazi yake ya tangu zama. Mahindi yaliyoharibika yana mahali pake, nako ni shimoni, chini ya udongo, mbali na kinywa cha mtu na cha mnyama. Uovu huanza pale mkono unaojua unapoyageuza njia, ulimi wake ukanyamaza.