Mara Nne Walimkataa, Mara ya Tano Tulikuwa Sisi

Neno la mwezi: Matendo ya Mitume, sura ya 27



Tunawasalimu nyote, wazee wetu, mama zetu, vijana na watoto, ninyi mlio hapa kambini pamoja nasi, na ndugu zetu wanaoishi Bwera na Kasese ambao karatasi hii huwafikia kwa mkono wa wasafiri.  Leo tuna neno kwa vijana wanaotafuta kazi. Lakini wazazi, msiiweke karatasi chini, maana sehemu kubwa ya neno hili inatugusa sisi wakubwa.

Tunaye binti katika kanisa letu. Jina lake hatulitaji, naye ametupa ruhusa kusimulia habari zake. Wazazi wake walivuka Mpondwe kama wengi wetu, wamebeba godoro na sufuria. Walipokelewa na ndugu huko Bwera, maana mnajua kwamba pande zote mbili za mto Lhubiriha Wakonzo na Wanande wanasikilizana lugha na wanaoleana. Binti alisoma Bwera mpaka akamaliza sekondari. Siku moja, akiwa Kasese mjini, aliona ndege ndogo ikishuka kwenye uwanja wa Kasese na watalii wakitoka. Jioni ile alimwambia mama yake, "Mimi nitafanya kazi ndani ya ndege."

Tangu hapo ameomba kazi ya mhudumu wa ndege mara nne, kwa makampuni tofauti. Mara ya kwanza hakujibiwa hata neno moja. Mara ya pili aliitwa Kampala. Alipanda basi la usiku kutoka Kasese, akanawa uso kituoni, akaenda. Walimwambia anyooshe mkono juu mpaka kwenye alama ya ukutani, mkono haukufika, akarudi siku ile ile. Mara ya tatu kipimo alikipita, lakini walipouliza pasipoti alitoa kitambulisho cha mkimbizi, nao wakamrudishia karatasi zake. Mara ya nne alikuwa amekwisha kupata hati ya kusafiria, akafika mpaka hatua ya mwisho. Akangoja simu wiki sita. Ndipo ujumbe ukaja: tunasikitika.

Basi alikuja kwetu wazee, akiomba tumwombee. Nasi tulimwambia nini? Mmoja wetu alisema hiyo ni dalili kwamba Mungu hataki. Mwingine alisema kazi ya ndege haimfai binti wa kanisa. Mwingine alimwuliza ataolewa lini. Kuomba tuliomba, lakini tulimwomba Mungu amsahaulishe habari za ndege. Binti alisema amina kwa sauti ndogo, akatoka.

Wapendwa, wale waliomkataa mara nne hawakumjua. Mara ya tano alikataliwa na sisi tuliombatiza. Tumekwenda nyumbani kwao, tumeketi mkekani, tumemwomba msamaha. Leo tunatubu na mbele yenu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuhukumu kazi tusiyoijua. Tulidhani ni kumimina soda na kutabasamu. Tumeuliza, tumejifunza. Mhudumu wa ndege yupo kwanza kwa ajili ya uhai wa abiria. Hufundishwa kuzima moto, kufungua milango ya dharura, kutoa huduma ya kwanza, na kuwasaidia watu ndege ikitua majini. Kabla aina mpya ya ndege kubwa haijaruhusiwa kubeba abiria, lazima ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Na katika zile sekunde, anayepaza sauti na kuwaongoza wengine ni huyo tuliyemdhani mgawa soda.

Tena wa kwanza kabisa kati ya wanawake walioifanya kazi hii alikuwa mtu aliyekataliwa. Jina lake Ellen Church, muuguzi wa Marekani aliyekuwa amejifunza kurusha ndege. Alitaka kuwa rubani, lakini kampuni haikukubali rubani mwanamke. Yeye akawaambia, basi wekeni wauguzi ndani ya ndege, abiria wenu wanaogopa na wanaugua. Tarehe 15 Mei 1930 alipanda ndege akiwa kazini.

Baada yake yuko Ruth Carol Taylor, naye muuguzi, mwanamke mweusi. Kampuni moja kubwa ilimkataa, akapeleka malalamiko kwenye tume ya jimbo la New York iliyoshughulikia ubaguzi, akaendelea kuomba kwingine. Tarehe 11 Februari 1958 akawa mhudumu wa ndege wa kwanza mweusi katika Marekani. Miezi michache baadaye aliipoteza kazi kwa sababu aliolewa, maana kanuni za siku zile hazikuruhusu mhudumu mwenye mume. Lakini mlango alioufungua wengine waliupitia.

Sasa tufungue Matendo 27. Paulo yuko safarini kwenda Rumi, naye ni mfungwa. Hana cheo ndani ya meli ile. Mahali paitwapo Bandari Nzuri aliwaonya kwamba safari itakuwa na hasara, lakini akida akamsikiliza nahodha na mwenye meli. Ushauri wake ulikataliwa. Dhoruba ikaja, siku nyingi jua halikuonekana wala nyota. Paulo angeweza kukaa pembeni na kusema, shauri yenu. Hakufanya hivyo. Alfajiri ya siku ya kumi na nne aliwasihi wale chakula, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akala, nao wakapata moyo. Mle ndani walikuwa watu 276, na wote walifika nchi kavu salama, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao.

Tazameni kazi aliyoifanya Paulo. Aliwatuliza wenye hofu, aliwalisha wenye njaa, aliangalia wote watoke hai. Hakuna aliyempa sare wala barua ya kuajiriwa. Na mimi na wewe tuliwaona watu wa namna hii tulipokimbia: mama aliyembeba mtoto asiye wake, kijana aliyemshika mzee mkono mpaka ng'ambo. Binti huyu, alipovuka, alikuwa na umri wa miaka kumi, naye alimbeba mdogo wake mgongoni na kumwimbia ili asilie. Wito huu alikuwa nao kabla ya kuona ndege yoyote.

Kutokana na hayo tunawaachia mambo manne.

Kwanza, tusiharakishe kusema kila "hapana" ya mwanadamu ni "hapana" ya Mungu. Yule mjane wa Luka 18 alimrudia kadhi mpaka akasikilizwa, na Bwana wetu alimtumia kuwa mfano. Lakini katika Matendo 16 Paulo alizuiwa kuhubiri Asia, akazuiwa kuingia Bithinia, ndipo akaonyeshwa Makedonia, naye akakubali kugeuka. Utajuaje tofauti? Uliza kizuizi chenyewe ni nini. Urefu wa mkono hautabadilika, basi nenda kwenye kampuni yenye kipimo kingine. Karatasi zinaweza kutafutwa. Kiingereza kinaweza kujifunzwa. Ukiona kila njia unayoijua imefungwa, na moyoni umepata amani kwa kazi nyingine, kugeuka si aibu.

Pili, maombi ya magotini yaende pamoja na maombi ya kazi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi, na inamruhusu kuomba hati ya kusafiria, ile inayotokana na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Huombwa kwenye ofisi ya wakimbizi iliyo chini ya Waziri Mkuu. Iombeni mapema, msingoje mpaka mwajiri aiulize. Wala msidharau lugha zenu. Kijana wa kwetu anayejua Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza na Kinande ana mali ambayo wengi wanailipia ada shuleni.

Tatu, jihadharini na wauza ndoto. Mtu mmoja alimwambia binti yetu alete shilingi milioni mbili, naye atampa kazi ya ndege huko nchi za Ghuba. Baba yake alikuwa tayari kuuza mbuzi. Wapendwa, kampuni ya kweli ya ndege haiuzi nafasi ya kazi. Anayedai pesa ili uajiriwe, anayetaka kukaa na pasipoti yako, anayekwambia usiwaambie wazazi, huyo mkimbieni. Wako mabinti walioahidiwa ndege wakajikuta wamefungiwa jikoni mwa watu wasiowajua. Kabla hujampa mtu yeyote pesa au hati, njoo utuonyeshe karatasi zake. Tutazisoma pamoja.

Nne, kwetu wazazi na wazee. Mtoto aliyekataliwa huko nje anarudi kwetu akiwa amechoka. Hahitaji mahubiri jioni ile. Ampate mtu wa kumwambia keti, kula, kesho tutaongea. Mungu ametufundisha hili kwa aibu, ninyi jifunzeni bila aibu.

Na msiseme kilichofungwa kimefungwa milele. Shirika la ndege la Uganda lilianza safari zake mwaka 1977, likafungwa mwaka 2001, na watu wakalihesabu limekufa. Tarehe 28 Agosti 2019 ndege yake iliruka tena kutoka Entebbe kwenda Nairobi. Miaka 18 ilipita. Vijana waliokuwa watoto wachanga liliposimama ndio walioitwa kuomba kazi humo.

Binti yetu sasa anafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni Kasese. Huwapokea wanaokwenda kupanda Rwenzori, na wanaozungumza Kifaransa huletwa kwake. Amejifunza huduma ya kwanza. Jioni za Jumamosi anajifunza kuogelea, yeye ambaye tangu utoto aliogopa maji. Anajiandaa kuomba mara ya tano.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao tutachukua sadaka ya nauli yake ya kwenda Kampala na kurudi. Mwenye shilingi mia tano alete, mwenye mahindi alete, tutauza. Hatumwahidi kwamba safari hii watamkubali, kwa sababu Mungu hakutupa sisi kujua hilo. Tunamwahidi kitu kimoja. Wakisema ndiyo, tutashangilia. Wakisema hapana, basi lake litakapofika, tutakuwa kituoni kumpokea, na chai itakuwa motoni.

Tuombe.

Ee Baba yetu, wewe uliyetuvusha mto tukiwa na hofu, wakumbuke watoto wetu wanaogonga milango ya watu. Wape nguvu ya kugonga tena, na hekima ya kujua mlango upi. Uwalinde na wadanganyifu. Utusamehe sisi tuliowavunja moyo kwa jina lako. Na wale wote walio angani na majini usiku huu, wafikishe salama. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Mungu awabariki. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.