Maembe Yakiwa Bado Maua

Jina la Nathan MacKinnon nililijua kupitia jezi ya Kenya. Mwaka 2018, wachezaji wa Ice Lions, ile timu ya hoki ya barafuni inayofanya mazoezi kwenye kiwanja kidogo ndani ya hoteli ya Panari, Nairobi, walipelekwa Kanada kwa ajili ya tangazo la kahawa. Hapa nyumbani hawakuwa na timu ya kushindana nayo. Wakiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wakaingia Sidney Crosby na MacKinnon, wamevaa jezi kama zao, wakaenda kucheza nao.

Crosby nilikuwa nimewahi kumsikia. Huyu wa pili sikumjua, basi nikampigia binamu yangu anayeishi Toronto. Akacheka. "Huyo ndiye mchezaji anayepunjwa kuliko wote kwenye ligi." Nikauliza analipwa ngapi. "Dola milioni 6.3 kwa mwaka."

Jamani. Nilidhani ananitania, kumbe anasikitika kwa dhati. Tangu siku hiyo tumekuwa tukibishana mimi na yeye, na nimegundua kwamba mashabiki wa hoki wakibishania mkataba wa kijana, muda wake na mshahara wake, hawabishanii pesa tu. Wanabishania swali la zamani sana: je, mtu ambaye bado hajawa anavyotarajiwa kuwa ana bei ya haki?

Hebu tuangalie mambo yanavyokwenda. Katika ligi ya NHL, kijana wa miaka 18 hachagui klabu. Klabu ndizo humchagua, kwa zamu. Mkataba wake wa kwanza una kiwango cha juu kilichowekwa na ligi, na mara nyingi ni wa miaka mitatu. Ukiisha, bado hayuko huru. Mpaka afikishe miaka 27, au amalize misimu saba, klabu yake ndiyo yenye haki juu yake. Klabu nyingine inaweza kumpa ofa, lakini ya kwake ikikubali kulipa kiasi kilekile, anabaki palepale. Kwa hiyo anapoketi mezani akiwa na miaka 20 au 21, anauza kitu sokoni ambako karibu kuna mnunuzi mmoja tu.

MacKinnon alikuwa na miaka 20 alipoketi na Colorado Avalanche mwaka 2016. Alikuwa ndiye kijana wa kwanza kuchaguliwa mwaka 2013, lakini msimu aliotoka kuumaliza ulikuwa wa pointi 52 tu, mzuri bila kuwa wa ajabu. Akasaini miaka saba, jumla dola milioni 44.1. Msimu uliofuata akapata pointi 53, na timu ikamaliza ya mwisho katika ligi nzima. Wakati huo ungeweza kusema klabu ndiyo iliyoingizwa mjini. Halafu msimu wa 2017–18 akapata pointi 97, na karatasi ileile, wino uleule, ikaanza kuitwa wizi. Mwaka 2019 klabu ikampa mwenzake, Mikko Rantanen, wastani wa dola milioni 9.25. Kanuni za ligi haziruhusu mkataba kufunguliwa upya katikati, kwa hiyo MacKinnon aliendelea kwa bei ya zamani mpaka mwisho.

Sasa, aliibiwa au hakuibiwa?

Kwetu pwani wapo madalali wanaonunua maembe yakiwa bado maua mtini. Mzee anapokea pesa zake leo, dalali anabeba hatari ya upepo na wadudu. Msimu ukienda vizuri, majirani husema mzee ameibiwa. Msimu ukiharibika, sijawahi kusikia mtu akisema dalali ameibiwa. Mkataba uliofanywa gizani hauwezi kuhukumiwa kwa mwanga wa asubuhi. Kama bei ilikuwa ya haki siku ile, kwa yale waliyoyajua siku ile, basi ilikuwa ya haki, na ahadi ni deni.

Hoja hii niliishikilia kwa muda mrefu, kwa sababu na mimi ilinihusu. Nilipomaliza chuo nilisaini mkataba mrefu, wa mshahara mdogo, na kampuni moja ya habari. Nilisaini nikishukuru Mungu. Miaka miwili baadaye, nikiwa nafanya kazi ya watu wawili, nilijiambia kila asubuhi: ulitia sahihi mwenyewe, hakuna aliyekushika mkono.

Kweli hakuna aliyenishika mkono. Lakini siku moja nililiona lile jambo ambalo hoja yangu iliruka. Dalali ana miembe arubaini. Mmoja ukikosa, mwingine utazaa. Mzee ana mmoja. Klabu ina wachezaji zaidi ya ishirini, kijana ana magoti mawili. Wote wawili hawajui kesho, lakini kutojua huko hakuwaumi sawasawa. Ndiyo maana yeye huuza uhakika wake kwa bei ya chini, na anafanya hivyo kwa akili timamu. Mtu anaweza kuchagua kwa hiari kabisa, na bado meza ikawa imeinamia upande mmoja. Kusema "alisaini mwenyewe" kunajibu swali la nani atimize ahadi. Hakujibu swali la nani alikuwa na njaa zaidi walipoahidiana.

Binamu yangu ana hoja nzito zaidi, na siwezi kuipita. Tangu 2005, baada ya msimu mzima wa 2004–05 kupotea kwa sababu ya mgogoro wa wenye klabu na wachezaji, kila klabu ina ukomo wa mishahara. "Ni sinia moja," ananiambia. "Akijaza kiganja chake, wengine watalamba vidole." Na ni kweli. Wachezaji kwa jumla hupata nusu ya mapato ya ligi, kwa hiyo nyota akikubali kidogo, anachokiacha hakiendi chote mfukoni kwa tajiri. Kinabaki kwa wachezaji wenzake. Colorado walichukua Kombe la Stanley mwaka 2022, MacKinnon akiwa bado kwenye milioni 6.3 zake. Nafasi iliyobaki chini ya ukomo ililipa watu waliomsaidia kulibeba.

Kwa hiyo kukubali kidogo kunaweza kuwa ukarimu wa kweli. Lakini ukarimu unaodaiwa kwa kelele ni kodi. Na anayeudai ni shabiki, ambaye hakuna anayemwomba apunguziwe mshahara ili ofisi yake ishinde kitu.

Hapo ndipo neno "uaminifu" huletwa. Kijana akitaka miaka mitano badala ya minane, anaambiwa hana mapenzi na timu. Auston Matthews wa Toronto alisaini miaka mitano mwaka 2019, na minne mingine mwaka 2023. Mikataba mifupi yote miwili, na hakuondoka. Rantanen alichaguliwa na Colorado mwaka 2015, akachukua nao kombe, akawa bado anazungumza nao kuhusu mkataba mpya. Januari 2025 wakampeleka Carolina. Machi akahamia Dallas. Mei, katika mechi ya saba na ya kuamua, alifunga mabao matatu katika kipindi cha mwisho na kuwatoa Colorado. Klabu ilifanya hesabu zake, na ina haki. Ninachouliza ni kwa nini klabu ikihesabu tunaita busara, na kijana akihesabu tunaita uroho.

Nadhani najua kwa nini. Shabiki ndiye pekee asiye na mkataba. Yeye amependa bila tarehe ya mwisho, na anapoona kijana anaandika tarehe, anaumia kama mtu aliyeambiwa "nakupenda mpaka Juni." Maumivu hayo nayaheshimu. Lakini maumivu yangu hayanipi haki ya kupanga bei ya goti la mwenzangu.

Juzi binamu amenipigia tena. Kuna kijana mwingine, kuna mkataba mwingine. "Miaka minane, bei nafuu, tumalize. Akikataa ana tamaa."

Nikamwuliza: "Na akisaini hiyo minane, goti likavunjika mwaka wa pili, utasema nini?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akacheka. "Nitasema anatula pesa zetu bure."

"Basi ndugu yangu," nikamwambia, "mwache ahesabu."