Haivuji

Mwaka jana nilimwambia mtu mzima neno moja la kweli, na kwa neno hilohilo nikamdhulumu. Aliniuliza, "Inavuja?" Nikamjibu, "Haivuji." Hadi leo naweza kuapa kwamba haikuwa ikivuja.

Ilikuwa Kilindoni, kisiwani Mafia, kwa mjomba aliyenilea. Mjomba ni fundi wa mashine za boti. Kila ninapofunga chuo huwa namsaidia kazi, na safari ile tulikuwa na mashine yake mwenyewe ya nguvu farasi 40, aliyotaka kuiuza. Sehemu ya fedha ingelipa ada yangu ya shahada ya uzamili. Nasomea falsafa, na jambo hilo halikunisaidia kitu siku ile.

Chini ya pangaboi kulikuwa na matone meusi. Nikasema sili zimekufa. Mjomba akanionya nisiliamini tone. Mashine za kuchanganya petroli na oili hutolea moshi katikati ya pangaboi, na oili isiyoungua hudondokea hapohapo. Hiyo ni nyepesi na inanuka petroli. Oili ya gia ni nzito, na harufu yake ni kali zaidi. Matone yale yalikuwa ya moshi tu. Lakini tulipofungua skrubu ya chini ya giaboksi, oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji yalikuwa yameingia.

Tulivua pangaboi tukakuta mshipi wa kuvulia umejizungusha kwenye shafti, umekatakata sili. Tukaweka sili mpya mbili, na washa mpya kwenye skrubu zote. Mdomo wa sili moja hutazama ndani ili oili isitoke, na wa pili hutazama nje ili maji yasiingie. Kisha tukapima. Mjomba ana kompresa aliyoitoa kwenye friji bovu: mrija mmoja hupuliza, mwingine huvuta. Tulipopuliza upepo ndani ya giaboksi, sindano ya geji ilisimama nusu saa nzima. Tulipaka povu la sabuni, hakuna kiputo kilichotoka. Tulipovuta, sindano ikashuka chini ya sifuri, halafu taratibu ikaanza kurudi.

Mjomba akapitisha ukucha juu ya shafti. Ukakwama. Sili za zamani zilikuwa zimechimba mfereji mwembamba kwenye chuma, na sili mpya haikuweza kuuziba. Giaboksi ile ilizuia oili kutoka, lakini haikuzuia maji kuingia. Na maji huingia kimyakimya. Mashine ikifanya kazi hupata joto, ikizimwa majini hupoa, hewa ya ndani hupungua na kuvuta maji pale penye upenyo. Baada ya hapo beringi hupata kutu, gia huanza kulika, na siku moja pangaboi linakataa kuzunguka katikati ya mkondo, kusi likivuma. Dawa ilikuwa shafti mpya kutoka Dar es Salaam, na bei yake ingekula sehemu kubwa ya ada.

Mjomba alijaza oili mpya, safi kama asali. Mnunuzi alikuja kutoka Jibondo. Alifungua skrubu, akaichezea oili kati ya vidole, akainusa. Ndipo akanigeukia mimi, msomi, akaniuliza swali lake. Mjomba alikuwa anatazama bahari.

Wiki ile nilikuwa nimesoma kisa alichokiandika Cicero mwaka 44 kabla ya Kristo. Mfanyabiashara anafika Rhodes na shehena ya nafaka wakati wa njaa. Anajua meli nyingine ziko njiani. Je, awaambie wanunuzi au auze kwanza kwa bei ya juu? Cicero anaona kuwa si kila kunyamaza ni kuficha. Kuficha ni kutaka mwenzako asijue unachokijua, kwa faida yako, wakati kujua kungemfaa yeye. Wala sikuhitaji kwenda Roma kulijua hilo. Madrasa tulihadithiwa jinsi Mtume alivyotia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta ndani pamelowa, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuyaweka majimaji yale juu watu wayaone. Lundo lile juu lilikuwa kavu. Mashine yetu nayo ilikuwa kavu nje.

Usiku nilimwambia mjomba. Alikuwa na hoja, na si hoja ya mwizi. Kitu kilichotumika huuzwa kwa bei ya kilichotumika, akasema, na kila mtu anajua hakikosi kasoro. Yule ni mtu mzima, amekuja na macho yake, amepunguziwa. Akinunua mtumba amenunua na bahati yake.

Niliifikiria sana hoja hiyo. Naona inasimama kwa kasoro ambazo hakuna kati yetu aliyezijua. Hizo kweli ni bahati, na bei ya mtumba huzilipia. Lakini sindano ilipoanza kurudi mbele ya macho yangu, kwangu bahati ilikwisha. Ilibaki kwake peke yake, na tulimwachia bila kumwambia. Yeye ufukweni hakuwa na kompresa. Alikuwa na pua, vidole na swali moja. Hakuwa anauliza oili inaelekea upande gani. Alikuwa anauliza kama atafika Jibondo na watu wake. Mimi nilijibu maneno yake, nikaliacha swali lake.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba uaminifu wangu ungelipiwa na mtu mwingine. Mashine haikuwa yangu. Ni rahisi kuwa mkweli kwa fedha za mjomba wako. Nikamwambia hivyo pia, na kwamba ada nitaitafuta mwenyewe.

Alikaa kimya muda mrefu. "Mpigie," alisema, akaingia ndani.

Mnunuzi hakunishukuru. Aliuliza bei ya shafti, kisha akauliza kwa nini sikusema mchana. Sikuwa na jibu. Mjomba alitoa fedha za shafti, na kwa siku kadhaa tulizungumza salamu tu. Muhula ule nilijisajili kwa kuchelewa, kwa mkopo wa rafiki ambao bado naulipa.

Shafti ilipofika, niliifunga mwenyewe, mnunuzi akiwa ameketi pembeni. Nikapuliza, kisha nikavuta. Sindano ikashuka chini ya sifuri, ikatulia hapo. Safari hii hakuniuliza kitu.

"Haivuji," nikamwambia. "Wala haiingizi maji."

Akasogea kwenye geji, akaitazama mwenyewe.